Kwa karani mpya wa chama cha wenye baa: uliza tarehe kwanza

Simu yako ya kwanza itakuwa ya mtu anayefoka. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wamemfungia klabu, au amesikia kwamba baa zote za mitaa ya makazi zitanyimwa leseni. Atataka maandamano, atataka wakili leo hii. Mwache atoe moyoni, kisha muulize: umepewa karatasi gani, na ina tarehe gani? Nimewaandikia wenye baa na klabu za usiku hapa Kenya kwa miaka tisa, na swali hilo limenifaa kuliko hotuba zangu zote.

"Kaunti imesema" inaweza kuwa barua ya afisa mmoja, mswada ambao haujapita, au sheria kamili. Kama ni barua, Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kudai sababu kwa maandishi, basi dai wiki hiyo hiyo, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi mezani kwao. Usibishe kwamba kaunti haina mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi leseni za vileo na burudani za umma, na wanalijua hilo kuliko wewe. Bishania jinsi mamlaka hayo yalivyotumika. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wanachama wanaipenda sana kesi hiyo. Tatizo ni kwamba mawakili wa kaunti nao wameisoma, kwa hiyo siku hizi kikao cha maoni ya wananchi kinatangazwa, viti vinapangwa, majina yanaandikishwa. Usipofika, daftari lile lile litaletwa mahakamani kuonyesha kwamba uliitwa.

Mara ya kwanza nilifika kwenye kikao cha namna hiyo na kurasa 14 za ajira, kodi na karo za watoto wa wahudumu. Walinishukuru, wakapitisha mswada kama ulivyokuwa. Mara ya pili nilipeleka ukurasa mmoja: kifungu kinasema hivi, tunaomba kisomeke hivi, sababu ni hii. Karani wa kamati alinakili sentensi yetu neno kwa neno. Hawa ni watu wenye kazi nyingi. Wape maneno yaliyo tayari.

Kuna pia suala la mita 300. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, haikubali leseni mpya kwa baa iliyo karibu zaidi ya hapo na shule ya watoto. Mwanachama wetu mmoja alipima kwa pikipiki, akifuata barabara hadi langoni mwa shule, akapata 340. Kamati ya leseni ikapima moja kwa moja juu ya ua wa nyuma: 260. Alikuwa amekwisha kulipa kodi ya pango ya miezi sita na kuweka kaunta ya mbao. Kwa hiyo ukiitwa kukagua eneo, nenda mwenyewe na utepe, na upime njia fupi kuliko zote. Halafu muulize mwenye baa anafunga saa ngapi. Akisema saa tisa usiku ilhali leseni yake ni ya saa tano, usimtangulize kwenye malalamiko yenu, atawaaibisha.

Kelele ndizo zitakazokula muda wako. Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 35 usiku, hata katika eneo la biashara. Watu wawili wakiongea kawaida tu wameshazipita. Niliwahi kukaa kwenye varanda ya jirani saa tatu usiku, klabu ikiwa imefungwa, na matatu zikipita peke yake zilivuka kiwango hicho. Basi ukiletewa kipimo, uliza kilichukuliwa wapi, saa ngapi, kwa kifaa gani, na barabara ilikuwa inasema nini. Lakini usiridhike na ushindi wa makaratasi, maana jirani asiyelala ataandika barua nyingine. Geuzeni spika zisitazame nyumba, wekeni mlango wa pili. Meneja mmoja aliwapa majirani namba yake ya simu. Malalamiko yaliyokuwa yakienda kwa chifu sasa yanamfikia yeye saa sita usiku. Hulaani kidogo, kisha hupunguza besi.