Miisho ya grafu ya y = x³ − 4x
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini grafu ya y = x³ − 4x, uliyoichora kuanzia x = −1 hadi x = 1, inashuka kuelekea kulia, ilhali mwalimu wako anasema kwamba upande wa kulia hupanda bila kikomo. Mchoro wako ni sahihi, ila umechora kipande cha katikati tu, na mwenendo wa miishoni husomwa pale x inapokwenda mbali sana kulia au kushoto. Ukichukua x = 10, x³ ni 1,000 na 4x ni 40; ukifika x = 100, ni 1,000,000 dhidi ya 400, kwa hiyo x³ ndiyo inayoamua, na grafu hupanda kulia na kuzama kushoto. Kama kipeo kikubwa cha x (hapa ni 3) kingekuwa shufwa, mfano 2 au 4, miisho yote miwili ingeelekea upande mmoja. Hata hivyo, si kila grafu ina mwelekeo wa namna hiyo: y = sin x hupanda na kushuka daima bila kutulia, mfano wa maji yetu ya Tanga yanavyojaa na kupwa takriban mara 2 kwa siku.