Kabla hujaenda kwenye kikao cha sera ya nishati, nunua mzani

Juzi usiku nimepokea meseji inboksi kutoka kwa kijana wa Muheza. "Shikamoo kaka, mie na wenzangu tunatengeneza mkaa mbadala, tumesikia halmashauri inakusanya maoni ya wadau mambo ya nishati, tukaseme nini ili soko lifunguke?" Nikaanza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikasema acha niliweke huku maana najua mko wengi mnaotaka hichohicho, kuuza moto unaotokana na taka, na siku moja sheria nazo ziwe upande wenu.

Jibu langu ni mzani. Najua utacheka, ila nisikilize kwanza.

Mie nilianza na vifuu. Anayeishi Tanga anajua kifuu kilivyo hakina mwenyewe, nazi ikishakunwa kinatupwa uani, watoto wanachezea, mvua ikinyesha kinageuka bafu la mbu. Nikawa napita kwa wauza nazi Mgandini na kiroba, nachoma kwenye pipa, natwanga, nachanganya na uji wa unga wa muhogo, nasokota kwa mashine ya mkono niliyochomelewa na fundi mmoja wa Makorora ambaye mpaka leo ananidai, na yeye anajua kwamba najua. Halafu unaanika. Tanga hii yenye unyevu wa baharini, unaanika tena masika! Mzigo wa kwanza sikuusubiri ukauke, nilikuwa na njaa ya hela, nikampelekea bi mkubwa mmoja mama lishe karibu na stendi. Akauwasha. Moshi ukapanda mpaka wateja wakahamia benchi la jirani. Akaniita mbele ya watu, "Mwanangu, huu umeniletea mkaa au ubani?"

Nilicheka siku ile lakini nyumbani sikula.

Nikarudi baada ya wiki tatu na mzigo mkavu, nikaanza zile hotuba zangu, bi mkubwa huu unakaa muda mrefu, hauna moshi, unaokoa misitu. Akanikatisha. Misitu niachie mwenyewe, niambie unakaa muda gani, kwa maharage kilo ngapi? Sikuwa na jibu. Nimesoma, nina cheti, nimehudhuria semina kibao, na sijui mzigo wangu mwenyewe unaivisha nini. Nikaenda kuazima mzani kwa jirani muuza dagaa, nikakaa jikoni kwa yule mama siku sita, sufuria ileile, maharage yaleyale, leo mkaa wa gunia kesho wangu. Ikaonekana kwenye maharage na makongoro wangu unatumika kilo chache, ila unachelewa kushika, kwa hiyo chai ya alfajiri aliendelea kutumia mkaa wa kawaida na wala simlaumu, wateja wa chapati hawasubiri. Kwenye semina zote nilizokaa sikuwahi kusikia hilo la alfajiri.

Miaka miwili iliyofuata siielezi, ni kuanika na kuanua.

Sasa kikao. Nilialikwa kwenye kikao cha wadau, hoteli nzuri, viti vina vitambaa, mtaalamu ana projekta. Anaonyesha tani za mkaa, tani za miti, asilimia. Mengi ni kweli kabisa, nchi hii nishati yetu kubwa ni kuni na mkaa na Dar es Salaam peke yake inakadiriwa kula karibu nusu ya mkaa wote. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, samahani, gunia moja la mkaa ni kilo ngapi? Mmoja akasema hamsini. Mwingine akasema sabini na tano. Mzee mmoja mfanyabiashara nyuma akasema, "Inategemea lumbesa." Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza, maana mzee ndiye alikuwa anasema kweli.

Fikiria mwenyewe. Mimi nauza kwa kilo, nina leseni, nina kodi ya banda, nikitaka nembo ya ubora nalipia vipimo. Mwenzangu anauza lumbesa, gunia lenye kichwa kama kichuguu, getini linahesabiwa gunia moja, na lile linalopita usiku kwa bodaboda halihesabiwi kabisa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2009 ilikadiria biashara ya mkaa Tanzania ni kama dola milioni 650 kwa mwaka na serikali ikikosa mapato ya kama dola milioni 100 humo. Kwa hiyo watu wanaokwambia mshindani wako ni mtungi wa gesi wanakudanganya. Mshindani wako ni mkaa ambao mti wake haukununuliwa. Kwenye tanuri la udongo kilo mia za kuni zinatoa mkaa kilo kumi mpaka ishirini tu na bado unauzwa bei ya kukushinda, kwa sababu zile themanini zilizopotea hakuna aliyezilipia.

Na msinielewe vibaya, sisemi wapige marufuku. Marufuku tumeyaona. Januari 2006 serikali ilifunga biashara ya mkaa, ikaachia baada ya wiki chache tu, watu walikuwa hawana pa kupikia. Ukifunga mlango mmoja bila kufungua mwingine watu wanapita dirishani.

Safari hii angalau mlango umefunguliwa kidogo. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeambiwa ziache kuni na mkaa wa miti, na Mei 2024 Rais Samia akazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Wengi mlisoma mkaona gesi tu. Mie niliona shule za bweni. Shule haipiki chai ya dakika kumi, inapika maharage ya saa tatu, na hapo ndipo mkaa wangu unaposhinda! Mwezi uliopita shule moja imenisainia mkataba wa muhula mzima, kwa kilo, na mhasibu wao aliniambia wamenichagua kwa sababu nilikuja na daftari la vipimo wakati wenzangu walikuja na picha za misitu iliyokatwa. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kulala, nasema ukweli, na kuna watu fulani natamani wasome hapa.

Maana siku ile ya kikao, mchana, tukapanga foleni ya kusaini posho. Nafika mezani dada ananiambia jina lako halipo, wewe umeandikwa mwalikwa siyo mshiriki. Sijui tofauti yake mpaka leo. Nikatoka na chupa ya maji na peni. Ripoti ilipotoka miezi baadaye, lile swali langu la gunia limo, limeandikwa "mdau mmoja alishauri vipimo viwianishwe". Mdau mmoja. Sawa. Siyo kwamba nataka sanamu, ila nauli ya daladala nilijilipia.

Turudi kwenye sera. Kijana wa Muheza, wewe uko jirani na Hale. Nenda kaulize habari ya mkonge. Ule mmea uliingia kwetu 1893, na katika jani zima nyuzi tunazochukua ni asilimia chache tu, kama nne hivi, mengine yote yanamwagwa. Pale Hale ukajengwa mtambo wa kugeuza yale mabaki kuwa gesi na umeme, kilowati 150, ukasifiwa kuwa wa kwanza duniani kwa mkonge. Duniani! Hapa kwetu Tanga! Sasa jiulize kwa nini kila shamba la mkonge kuanzia Pongwe mpaka Korogwe halina wa kwake, wakati majani yapo na akili ipo. Halafu linganisha na Njombe, kiwanda cha miti ya miwati kule kilichoma mabaki ya miti kikazalisha umeme na kikauza TANESCO, na kuanzia 2008, 2009 hivi ikawepo mikataba sanifu ya umeme mdogo, mzalishaji anajua nani atanunua na kwa bei gani kabla hajakopa benki. Hapo ndipo ninapoiona sera mimi. Mnunuzi anajulikana, bei inajulikana, kipimo kinajulikana. Mengine ni mabango.

Kwa hiyo ukienda kwenye maoni usiseme tunaomba serikali itusaidie vijana. Hilo wanalisikia kila siku, wanaandika "vijana wawezeshwe" wanaenda kula. Sema mkaa wote uuzwe na utozwe kwa kilo. Sema shule za halmashauri zikitangaza tenda ya nishati ziandike kilo, unyevu na majivu, siyo gunia. Uliza, kama mitungi ya gesi imepewa ruzuku kupitia REA, wakala wa nishati vijijini, mkaa wa vifuu wenye vipimo unakosa nini? Na usiogope kutaja STAMICO, shirika la madini la serikali, wao mkaa wao wa makaa ya mawe umefika mpaka magerezani, na umefika kwa mkataba, haukufika kwa mama lishe mmoja mmoja.

Ila ukisema hayo bila namba zako watakuona mpiga kelele. Pima. Pima kabla ya kuchoma, pima baada, pima wakati wa masika uone unyevu unavyokuibia. Vijana wa siku hizi mnapenda nembo kabla ya bidhaa, kitambulisho shingoni, picha na mheshimiwa, halafu nikiuliza kilo ngapi mnaangaliana. Mie nimeaibishwa na mama lishe hadharani ndio nikajifunza, wewe unaambiwa bure kwenye simu unasema utaangalia.

Haya nimeanza kuhubiri. Mdogo wangu, kikao chenu kama ni wiki ijayo basi muda upo. Tafuta mama lishe mmoja asiyekupenda, maana anayekupenda atakudanganya. Kaa kwake siku sita, mkaa wa gunia siku tatu na wenu siku tatu. Daftari liwe na tarehe, na chai ya alfajiri iandike peke yake. Mzani usinunue ule wa bei rahisi wa kuning'iniza, sindano yake inalegea. Mie ninao wa zamani hapa Mabawa, njoo Jumamosi uuchukue, ila uje na kitambulisho cha NIDA nibaki nacho, maana wa kwanza niliouazimisha mpaka leo sijauona.