Gari lililokunywa maji ya chupa

Swali lenu la wiki hii, "Tajiri anayekusanya magari ya fahari ya kale, anahifadhi historia au anajionyesha?", mwanangu alinisomea kwenye simu nikiwa chini ya Probox ya mteja. Nilitoka pale kama niliyeingiliwa na siafu. Sijui kama nitalijibu vile mlivyouliza. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Maweni hapa Malindi, na mambo ya historia nawaachia watu wa makumbusho. Ninachotaka kujua ni nani anayelipanguza hilo gari, na analipwa lini.

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka 17, najifunza kazi kwa ami yangu. Ami alikuwa na kazi ya kutunza magari matatu ya mzee mmoja wa Kitaliano, huko njia ya Casuarina. Jina lake nitalisitiri. Sisi tukimwita Sinyore. Habari za Wataliano na Malindi, tangu roketi walizokuwa wakizirusha Ngomeni, sina haja ya kuwasimulia. Magari mawili yalikuwa ya kawaida tu. La tatu lilikuwa Lancia Flaminia nyeusi, usukani kushoto, limepandishwa juu ya magogo na kufunikwa turubai.

Siku ya kwanza ami alinituma nikaangalie mafuta ya giaboksi. Nikalala chali chini ya injini, nikaitafuta mpaka shingo ikaniuma. Yeye amekaa na kikombe chake cha kahawa chungu, ananitazama, hasemi neno. Baadaye sana akauliza, "Umeipata?" Kumbe iko nyuma, imeshikana na difu ya magurudumu ya nyuma. Lancia walilipanga hivyo ili uzito ugawanyike mbele na nyuma. Injini yake ni silinda sita, zimekaa mfano wa herufi V, nayo ukiiwasha haipigi kelele, inanong'ona. Flaminia ni jina la barabara ya kale itokayo Roma kwenda Rimini, na gari lenyewe barabara hata halikuijua.

Kila Jumamosi tuliliwasha, tukalizima, tukalifunika. Kulioshea maji ya kisima ilikuwa mwiko. Visima vya kwetu mnavijua: maji yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikibeba mitungi ya maji ya mfereji, na mfereji ukikatika naenda nayo hadi Barani.

Basi siku moja Sinyore akaamka na moyo mweupe, akasema twende Kilifi, ana rafiki yake ng'ambo ya Mnarani. Akaendesha mwenyewe, ami nyuma na kisanduku cha spana, mimi mbele upande wa kulia. Upande wa kulia! Pale Gede watu wanaona gari jeusi la kifalme linakuja, na aliyekaa mahali pa dereva ni mtoto wa Maweni. Mikono yangu niliificha chini ya dashibodi ili wasijue kuwa sishiki usukani. Kuna mzee alisimamisha baiskeli yake akanipungia. Nami nikampungia kwa mkono mmoja, ule mwingine nikauacha pale chini, kana kwamba ndio unaoshika.

Tulipofika Kilifi, foleni ya feri ilikuwa ndefu kweli. Daraja lilikuwa halijafunguliwa, hilo ni la 1991. Jua la saa saba, injini inawaka gari haliendi, mshale wa joto ukapanda taratibu mpaka ukagonga mwisho, na mvuke ukatoka puuu chini ya boneti. Wauza korosho wakatuzunguka. Mama mmoja wa viazi karai akaja na dumu la maji na kanga yake ya pili. "Shikeni kifuniko kwa kanga hii, msijiunguze. Na maji haya hapa."

Sinyore akachovya kidole, akakilamba. Akatikisa kichwa.

"Yana chumvi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Yule mama akamtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye gari. "Mwanangu, mwambie haya ndiyo tunayokunywa."

Sikumwambia. Sinyore alinipa pesa nikakimbilia dukani, nikaleta chupa sita za maji, yale ya watalii. Tukangoja injini ipoe, ami akazimimina moja moja. Nilikuwa na kiu hata koo linakwaruza, na chupa ya sita ilipokwisha ami akakung'uta tone la mwisho ndani ya rejeta. Hakuna aliyenipa. Na kanga ya yule mama ilirudi na doa la grisi.

Kwa hiyo mkiniuliza habari za matajiri na magari yao, mimi hujibu kutokea kwenye chupa ile ya sita. Mwaka 2022 Mercedes moja ya 1955 iliuzwa euro milioni 135, nami nikajiuliza ilinyweshwa nini. Kule Ufaransa, mjini Mulhouse, ndugu wawili wenye viwanda vya sufu, akina Schlumpf, walikusanya kimyakimya magari zaidi ya 400, Bugatti nyingi zikiwemo, huku viwanda vinazama. Mwaka 1977 wafanyakazi waliingia mle ndani, wakakuta magari yanang'aa chini ya nguzo za taa zilizonakiliwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris, na wao mishahara yao i mashakani. Wakapakalia. Niliposoma habari hiyo niliwapigia makofi peke yangu gerejini.

Lakini ngoja. Magari yale leo ni makumbusho ya taifa, watu wanalipa kiingilio na kuyaona. Wasingeyakusanya ndugu wale wachoyo, mengine yangekuwa vyuma chakavu. Hapa kwetu nimeona Peugeot 404 ya marehemu jirani yangu ikiliwa na hewa ya bahari, milango ikaanguka, mwisho kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Hakuna aliyeinunua, hakuna aliyeifunika turubai.

Na kuna jambo linanitia haya kuliandika. Leo asubuhi mwenye hii Probox alitaka kujaza rejeta maji ya kisima changu. Nilimnyang'anya dumu. "Utaiua injini," nikamwambia, na nikamtuma dukani. Ni maneno ya ami jioni ile, tulipokuwa tunarudi Malindi nami nimenuna: Sinyore hana adabu, lakini kwa chumvi hana makosa.

Basi jibu langu ni anahifadhi, potelea mbali, hata akiwa anajionyesha. Ila simsemei kila tajiri; wengine wananunua kama wanavyonunua viwanja, hawajui hata giaboksi iko wapi. Na anayehifadhi kweli alitoe gari barabarani mara mojamoja, watoto wa Gede waone. Halafu fundi alipwe mwisho wa mwezi. Sinyore alisema atatulipa mshahara uliobaki akirudi kutoka Milano, miezi miwili ya ami na mmoja wangu. Siku moja tulikuta magogo matupu, na turubai limekunjwa vizuri juu yake.