Kichwa kinapouma na hedhi imeanza kuyumba

Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hedhi inaruka miezi, kichwa kinamgonga kila wiki: mara nyingi cha kwanza kushukiwa ni malaria. Basi pima, ni tone la damu na majibu hayazidi nusu saa. Kama huna malaria, usimeze dawa yake "kwa usalama". Fungua kalenda.

Kwenye miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni haipungui polepole. Inapanda, inaporomoka, inapanda tena, na kule kuporomoka ndiko kunakoamsha kipandauso: maumivu yanayodunda, mara nyingi upande mmoja, na kichefuchefu, na mwanga haukaliki. Kichwa kinachobana pande zote bila kichefuchefu huwa zaidi cha shingo na uchovu. Au, tusioneane haya, cha nywele zilizosukwa zikavutwa mno.

Chukua daftari. Andika tarehe, saa kilipoanza, upande, kama uko kwenye hedhi, ulilala saa ngapi, ulikula lini, dawa gani na ngapi. Miezi mitatu inatosha kuona kama kinafuata hedhi, jasho la usiku, au siku ulizoshinda njaa.

Dawa inywewe mapema na kwa dozi kamili: paracetamol miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Au ibuprofen miligramu 400 baada ya kula, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha. Wengi humeza kimoja, wanasubiri, jioni wanaongeza. Kipandauso kikishakolea, tumbo linafanya kazi polepole na dawa inachelewa kuingia kwenye damu.

Balaa lenyewe liko kwenye mkoba. Ukinywa paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini siku 10, miezi ikisonga, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu, na unaamka nayo kila asubuhi. Hesabu siku, siyo vidonge. Zisizidi mbili kwa wiki. Ukiacha, kichwa huzidi kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, na hapo ndipo wengi hurudi dukani.

Hedhi nzito za umri huu pia humaliza damu. Pima hemoglobini, yaani kiwango cha damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, usivishushie kwa chai, maana chai huzuia chuma kisifyonzwe.

Unaona vimulimuli au mistari ya kupindapinda kabla kichwa hakijaanza? Mwambie nesi wa uzazi wa mpango. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havikufai, vinaongeza hatari ya kiharusi.

Na yapo maumivu yasiyosubiri daftari: yanayolipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, yenye mkono kulegea au maneno kupotea, yenye homa na shingo kukakamaa. Pia maumivu mapya ya kichwa ukiwa umevuka umri wa miaka 50, taya likiuma unapotafuna au ngozi ya kichwa ikiuma unapochana nywele: mishipa ya damu inaweza kuwa imevimba na ukapofuka. Nenda hospitali siku hiyohiyo.