Kabla Hujaniomba Faili la Kuflashi, Sikia ya Simu ya Dada Yangu

Mbukwenyi, wadau.

Jumapili iliyopita nilikuwa kibarazani kwangu hapa Nkuhungu, nimeshakula, upepo wa Dodoma unanimwagia vumbi kwenye chai kama kawaida yake, ujumbe ukaingia: "Kaka shikamoo. Nina Tecno imekuwa nzito sana. Naomba faili la Android mpya niflashi leo leo, laptopu nimeazima mpaka saa kumi na mbili jioni."

Nikaangalia saa. Saa tisa na nusu.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kijana yule ni mimi wa mwaka 2021. Haraka ileile, kompyuta ya kuazima ileile, na imani ileile kwamba ili kuflashi, yaani kufuta mfumo wa simu na kupandikiza mwingine kwa kompyuta, kinachokosekana ni faili tu. Nikamwambia asubiri, asiguse chochote, nitamwandikia. Nikakaa kuandika, nikajikuta naandika habari za dada.

Nianze na sifa, maana bila sifa hamtaelewa kiburi kilitoka wapi. Simu yangu ni Redmi Note 7, toleo la mwaka 2019. Ilitoka kiwandani na Android 9, kiwanda kikaipandisha hadi 10, basi, kikaiaga. Mimi nikaiwekea LineageOS, mfumo unaotengenezwa na watu wa kujitolea tangu mwishoni mwa 2016, baada ya CyanogenMod, mfumo ulioutangulia, kufungwa. Simu ikawa kama imezaliwa upya. Chaji inakaa, matangazo hakuna, zile programu za kiwandani zisizofutika zimefutika. Nilikuwa nikipanda daladala pale Jamatini naitoa mfukoni bila sababu, mtu aniulize tu. Wenzangu wa UDOM wakaanza kuniletea simu zao. Nikaflashi tatu, zote zikawaka. Simu tatu! Nikajiona fundi.

Ndipo dada akaniambia simu yake imejaa, inaganda akipiga hesabu.

Dada yangu ananunua zabibu kwa wakulima wa Hombolo na kuwauzia watu wa mjini na wa Dar. Simu ndiyo duka lake. Namba za wakulima, picha za mizigo, nani kalipa nusu na nani bado, vyote vimo humo. Simu yenyewe ilikuwa Redmi Note 8 Pro, na ulikuwa mwezi wa Machi, zabibu zimeiva. Mtu mwenye akili angesubiri msimu uishe. Mimi nikasema, "Dada, nipe wiki moja tu."

Wiki yenyewe haikuwa ya maringo. Wakati ule Xiaomi, wenye Redmi, walikuwa wanakutaka uunganishe akaunti yako na simu, kisha usubiri saa 168 ndipo wakuruhusu kufungua kufuli la butiloda, yaani kile kiprogramu kinachoamka kwanza kabisa simu ikiwashwa na kuamua mfumo upi uingie na upi ukatazwe. Ukishafungua, kila kilichomo kwenye simu kinafutwa. Hilo nililijua. Nikakopi picha zake kwenye flashi, nikaona nimemaliza. Mazungumzo ya WhatsApp sikuyakumbuka. Yeye hesabu zake zote alikuwa anajiandikia mwenyewe humo humo WhatsApp.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Nilipakua romu, yaani faili la mfumo wenyewe, ya Redmi Note 8. Simu ni Redmi Note 8 Pro. Mimi kichwani nilidhani hiyo "Pro" ni mbwembwe za kamera. Kumbe ni simu mbili ambazo hata ukoo hazishirikiani: Note 8 ina prosesa ya Snapdragon, Note 8 Pro ina MediaTek. Wenye fani hawazitaji kwa majina ya dukani. Moja wanaiita ginkgo, nyingine begonia, na hilo ndilo jina linaloandikwa kwenye faili. Nililiona neno ginkgo kwa macho yangu. Nikadhani ni jina la aliyetengeneza.

Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba simu ilijaribu kuniokoa. Nilipoingiza faili kupitia TWRP, ile rikaveri, yaani kiprogramu cha kupandikizia mifumo, ikagoma, ikaandika kosa namba 7. Kosa hilo maana yake ni kwamba faili limekagua simu na kukuta si lake. Ni kama bawabu anakwambia nyumba si hii. Mimi nikafanya nini? Nikaingia YouTube, nikamkuta jamaa anafundisha namna ya kufungua lile faili na kufuta mstari unaofanya ukaguzi. Nikafuta. Nikamfukuza bawabu, nikaingia.

Simu ikazima. Haikuwaka. Hakuna nembo, hakuna mtetemo, ukichomeka chaji hata kitaa hakuna. Tofali.

Siku tatu zilizofuata naziruka, hazina faida kwa mtu. Nitasema tu kwamba nilimdanganya dada mara mbili, na mara ya pili alijua.

Siku ya nne nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Alikuwa na programu zake na waya zake, akaifufua ndani ya saa mbili, nikataka kumbusu. Akaniomba elfu thelathini, nikampa bila kubishana. Nikaweka laini. Hakuna mtandao. Nikabonyeza *#06#, palipotakiwa kuwa na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, hapana kitu. Kumbe katika kuifufua alichagua kufuta kila kitu kwenye hifadhi, na kwenye simu za MediaTek huko ndiko kunakokaa kile kisehemu kinachobeba IMEI na vipimo vya redio ya simu yenyewe. Ukikifuta bila kuwa na nakala yako, simu inabaki na kioo na spika, lakini haina utambulisho. Simlaumu sana fundi. Nakala ilitakiwa kuwa kwangu, kabla sijagusa chochote.

Fundi akaniambia jambo dogo hilo, atanichomekea IMEI ya simu nyingine iliyokufa. Nikakataa, na hapa najipa maksi moja katika hadithi nzima. Kuchezea IMEI ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na wengi tunakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki, watu wakaamka wameshika vioo. Sikutaka dada aongezewe na hilo.

Msimu ule wa zabibu dada aliumalizia na kiswaswadu, akiwapigia watu mmoja mmoja kuwauliza, "Samahani, hivi ulishanilipa?" Wapo waliosema ndiyo.

Haya, turudi kwenu mnaoniandikia.

Swali la kwanza si faili liko wapi. Swali la kwanza ni simu yako inaitwa nani. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, usome namba kamili ya modeli, siyo jina la kwenye kava. Kisha nenda kwenye orodha ya vifaa ya LineageOS, tafuta jina lake la ndani. Likiwepo, soma ukurasa wake wote. Lisipokuwepo, ujue hapo ndipo safari ya watu wengi inapoishia, na si dhambi kuishia hapo.

Maana ukweli ambao watu hawapendi kuusikia ni huu: simu nyingi tulizonazo hapa Dodoma, Tecno, Infinix, itel, hazina romu za kuaminika. Nyingi zinatumia prosesa za MediaTek au Unisoc, na kinachofanya romu iwezekane ni watengenezaji wa kujitolea kupata msimbo wa kiini cha mfumo pamoja na madereva ya simu husika. Visipotolewa, au akikosekana mtu wa kuihangaikia simu hiyo, hakuna romu. Wapo watakaokwambia tumia GSI, ile romu ya jumla iliyowezekana baada ya Google kutenganisha Android na madereva ya kiwanda kuanzia Android 8, mwaka 2017. Ni kweli inaweza kuwaka. Lakini kuwaka ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Utakuta alama ya kidole haisomi, kamera inatoa picha za kijani, au kupiga simu kwa 4G kumegoma. Utakuwa na Android mpya kwenye simu isiyopiga simu, na simu isiyopiga simu naijua, ipo kwa dada.

Suala la usalama ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu kila upande una washabiki. Mmoja anasema romu ya mtaani ni wizi mtupu, mwingine anasema ndiyo salama kuliko zote. Mimi nasema inategemea umeiokota wapi na umeiacha vipi. LineageOS rasmi inakuletea viraka vya usalama vya Android kwenye simu ambayo kiwanda kimeshaisahau, hilo ni jambo kubwa. Lakini haiwezi kukuletea viraka vya modemu wala vya prosesa, hivyo hutoka kiwandani, na kiwanda kikinyamaza vinabaki vya zamani. Halafu butiloda yako ipo wazi. Yule mlinzi wa kukagua kama mfumo umechezewa hayupo tena, ndiyo maana simu nyingi zikiwaka hukuonyesha onyo kila mara. Akiiokota mwenye ujuzi na nusu saa, anaweza kupandikiza kitu chini ya mfumo wako, nawe ukaendelea kuchati. Simu za Pixel za Google zenye GrapheneOS, romu inayojali usalama, zinakubali kufungwa tena kufuli baada ya kuflashi, ndiyo maana watu wa usalama wanazipenda. Lakini wangapi kati yenu mna Pixel? Nauliza tu.

Romu za kwenye magrupu ya Telegram, zinazotumwa na mtu mwenye picha ya simba, sizigusi tena. Baadhi zimetiwa saini kwa funguo za majaribio ambazo dunia nzima inazo. Baadhi zimelegeza SELinux, ulinzi unaozuia programu kuvuka mipaka yake, ili tu ziwake. Wewe unaona mandhari nzuri, huoni mlango ulioachwa wazi nyuma.

Halafu pesa. Dada wa watu anakwambia, "Mdogo wangu, programu yangu ya benki imekataa kufunguka." Haijaharibika. Programu nyingi za benki huiuliza Google, kupitia Play Integrity, kama simu hii bado ni ileile ya kiwandani. Butiloda ikiwa wazi jibu huwa baya, programu inajifunga. Ukiiruti juu yake, yaani ukijipa mamlaka yote juu ya mfumo, ndiyo umemaliza kabisa. Kuna mbinu za kuidanganya kwa Magisk, programu ya kurutia, leo zinafanya kazi, wiki ijayo hazifanyi. Mimi nimechoka kukimbizana. M-Pesa napiga *150*00# kama bibi yangu, maana hiyo inapita kwenye laini, haina habari na romu. Kama kazi yako inategemea programu ya benki, tafadhali, acha. Na ukiwa na Samsung, kumbuka Knox, ulinzi wao wa ndani: ukiflashi mfumo usio rasmi kuna kifyuzi cha ndani kinaungua na hakirudi, hata ukirudisha mfumo wa mwanzo. Sehemu ile ya siri ya kufichia mafaili ndiyo basi tena.

Kwa hiyo, jina la simu kwanza. Narudia, jina. Pili nakala, na nakala si picha peke yake, ni WhatsApp, ni majina, na ni kile kisehemu cha IMEI kama rikaveri yako inaweza kukinakili, ukiweke nje ya simu. Tatu chaji, simu na kompyuta zote zijae, umeme wetu mnaujua. Nne, simu isiwe ya kazi. Tano, simu isiwe ya mtu mwingine. Hata akikuomba. Hasa akikuomba, kwa sababu anayekuomba anakuamini, na anayekuamini hawezi kukuuliza ginkgo ni nani. Ninyi vijana mnaojiita mafundi baada ya simu tatu, simu tatu siyo ufundi. Ni bahati iliyokuja mara tatu. Na ikikuandikia kosa, soma kosa! Usitafute video ya kulifuta.

Nimepandisha sauti, samahani.

Yule kijana wa Tecno nimemwandikia yote haya kwa ufupi. Nikamshauri arudishe simu kama ilivyotoka kiwandani baada ya kuhifadhi vitu vyake, aondoe programu asizotumia, apunguze video za WhatsApp, aone. Akajibu "sawa kaka", kisha baada ya dakika tano: "ila faili unalo?"

Simu ya dada ipo kwake Kisasa, watoto wanaangalizia katuni kwa Wi-Fi. Mwezi uliopita amenunua nyingine. Nilipokwenda kumtembelea akanionyesha, kioo kikubwa, kizuri, ameishika kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono nione ni modeli gani. Akasema, "Nitakusomea."