Chipu na programu ya matokeo kwa mbio ndogo za ramani na dira: uzoefu wangu wa miaka saba

Salamu wakuu.

Dada aliyefungua uzi huu anaishi Wales. Watoto wake wawili wanakimbia mbio za ramani na dira, zile ambazo huku Uswidi wanaziita orientering, na klabu yao ndogo imemwomba asimamie matokeo ya mazoezi ya Jumatano jioni. Wakimbiaji ni 40, wakizidi sana 60. Mpaka leo wanatumia vikadi vya kutoboa na saa ya mkononi, halafu yeye anapanga majina kwenye Excel mpaka saa sita usiku. Klabu imempa fungu dogo la fedha, anauliza anunue mfumo gani na aweke programu ipi.

Mimi naishi nje kidogo ya Uppsala na huu ni mwaka wa saba nakaa nyuma ya laptopu ya klabu yetu jioni kama hizo. Jibu langu kwa ufupi, dada: chukua mfumo wa chipu wa SPORTident, weka programu ya matokeo ya MeOS, na usiongeze kitu kingine chochote mpaka umeendesha jioni tatu nzima. Sasa nieleze kwa nini, maana sababu zenyewe ndizo zitakazokusaidia.

Usianze na programu. Anza kwa kuuliza klabu za jirani wanatumia chipu gani. Kwa wasioujua mchezo huu: kwenye kila kituo msituni kuna boksi dogo lenye tundu. Mkimbiaji amevaa chipu kidoleni, anaidumbukiza kwenye tundu, boksi linalia na kuwaka taa, na chipu inaandikwa namba ya kituo pamoja na saa aliyofika. Akimaliza, chipu inasomwa kwenye kompyuta na muda wake wote unatoka, kituo hadi kituo. Ulaya mifumo miwili ndiyo imeenea zaidi, SPORTident ya Ujerumani na Emit ya Norway. Tofauti yao kubwa iko kwenye saa. SPORTident wameiweka saa ndani ya boksi. Emit wameiweka ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo maboksi yao hayana saa ya kusetiwa kabisa. Kwa hilo Emit wana raha yao, lakini Uingereza klabu nyingi zinatumia SPORTident, na hilo kwangu linamaliza mjadala. Wanao na wenzao huenda tayari wana chipu zao binafsi, na siku ukipungukiwa maboksi utaazima kwa jirani.

Kuhusu chipu za kukodisha, usiogope mitumba. Klabu zinazohamia kwenye aina mpya huuza za zamani kwa bei nzuri. Tazama namba iliyoandikwa juu yake: ikiwa ni tarakimu saba na inaanza na 2, hiyo ni SI-Card8, inahifadhi vituo 30. Ikianza na 1 ni SI-Card9, vituo 50. Zinazoanza na 7 au 9 ni SI-Card10 na 11, vituo 128. Njia za Jumatano mara nyingi zina vituo 12 hadi 20, kwa hiyo SI-Card8 inakutosha kabisa. Kuna pia SIAC, zinaanza na 8, ambazo mkimbiaji anapita karibu na boksi bila kudumbukiza chochote. Ni tamu kweli, lakini ndani zina betri inayozeeka, na maboksi lazima yawe yamewekwa kwa ajili yake. Anayetaka ajinunulie ya kwake. Za kukodisha watoto, hapana.

Maboksi utakayohitaji ni la kufuta chipu, la kukagua kama imefutika, la kuanzia, la kumalizia, na kama 15 ya vituo, pamoja na kisomaji cha kuchomeka kwenye USB. Namba za vituo zinaanzia 31, huo ni utaratibu wa mchezo dunia nzima. Na kama unachagua mwenyewe, ruka 66, 68, 86, 89, 98 na 99. Zikigeuzwa juu chini zinasomeka namba nyingine, na kwa tochi ya kichwani mvua ikinyesha hata mtu mzima anakosea.

Programu sasa. Ipo OE ya Mjerumani Stephan Krämer, ni ya kulipia, ina nguvu, na imesimamia mashindano makubwa mengi. Kwa jioni ya watu 40 utalipia vitu ambavyo hutavigusa. Huko kwenu kuna SiTiming na AutoDownload, na hapa nakusihi: kama klabu ya jirani ina mtu anayeijua mojawapo vizuri na yuko tayari kuja kukaa na wewe jioni mbili, chukua anayoijua yeye, acha kabisa ushauri wangu. Mtu aliyekaa pembeni yako anafaa kuliko kitufe chochote.

Kama mtu huyo hayupo, MeOS. Imetengenezwa Uswidi na Melin Software, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na kwa laptopu moja haihitaji intaneti wala seva. Inatumia Windows tu, hilo lijue mapema. Njia ulizochora kwenye programu za kuchorea njia kama Purple Pen, Condes au OCAD unazitoa kama faili la IOF XML 3.0, muundo wa pamoja wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na MeOS inazisoma zilivyo, hakuna kuandika vituo kimoja kimoja. Matokeo nayo yanatoka kwa muundo huohuo. Programu isiyotoa muundo huo mimi siigusi, kwa sababu siku ukitaka kuhama utabaki umefungwa nayo.

Lakini si hayo yaliyonifanya nibaki nayo miaka yote hii.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wangu wa pili. Novemba ya huku jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na jioni hiyo baridi ilikuwa inakaribia sifuri. Kufika saa mbili kasorobo usiku nilikuwa nimeshasoma chipu za watu 38, watu wanakunywa chai kwenye magari, wengine wameanza kuondoka. Nikafungua orodha ya walio bado msituni. Jina moja. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mkimbiaji mzoefu, alikuwa ameanza saa kumi na mbili na nusu. Tukapiga simu yake, haipokelewi. Watu wawili wakawasha tochi za kichwani, wakashika ramani ya njia yake na kuingia msituni. Mimi nilibaki pale mezani na lile jina moja kwenye skrini, na sijawahi kuona dakika zikienda pole namna ile.

Baada ya dakika ishirini akapiga mwenyewe. Aliteguka kifundo cha mguu, akachechemea mpaka barabarani, jirani yake akapita na gari akamchukua. Alikuwa nyumbani, mguu kwenye barafu, chipu yetu mfukoni.

Mzee alikuwa salama, tukashukuru Mungu. Kilichoninyima usingizi usiku ule kilikuwa kingine. Nilipopitia karatasi niligundua kwamba wakimbiaji wawili wengine walikuwa wameanza bila kuandikishwa, waliniambia "nitajiandikisha nikirudi." Wangepotelea msituni hao, orodha ingeniambia wote wamerudi na ningefunga laptopu niende zangu. Programu inamjua mtu uliyemwingiza tu. Boksi la kuanzia halitumi taarifa yoyote kwako, linaandika kwenye chipu na chipu inaondoka nayo porini.

Tangu siku hiyo kwetu hakuna anayeanza bila jina, namba ya chipu na namba ya simu kuwa kwenye MeOS. Na anayeacha njiani anapita mezani kusomwa chipu kama aliyemaliza. Ukiwa na wasiwasi zaidi, soma kumbukumbu ya boksi la kukagua, humo mna namba za chipu zote zilizopita pale. Kwa hiyo dada, programu yoyote utakayoijaribu, kitu cha kwanza jiulize mwenyewe: nikibonyeza mara moja, inanionyesha nani hajarudi? Kama jibu liko mbali, iache, hata kama ina matokeo mazuri ya kurusha mtandaoni.

Kitu cha pili cha kupima ni namna inavyokubali kusahihishwa, kwa sababu jioni isiyo na kasoro haipo.

Kuna binti wa miaka kama 11 alikuja kusoma chipu, skrini ikasema amekosa kituo 38. Akasema alikifika, na machozi yakaanza kumlenga. Foleni nyuma yake watu sita. Nilimwambia, "Mwanangu, subiri hapa kidogo, tutaliangalia boksi lenyewe." Boksi lilipoletwa tukasoma kumbukumbu yake, na namba ya chipu yake ilikuwemo, pembeni ina alama ya kosa. Maana yake alidumbukiza akachomoa kabla boksi halijalia. Kwenye mashindano rasmi hilo ni kosa la mkimbiaji, sharti usubiri mlio. Jumatano ya mazoezi, kwa mtoto, niliongeza kituo kile kwa mkono kwenye rekodi ya chipu yake na muda wake ukarudi. Tangu hapo kabla ya kuondoka anahesabu kwa sauti, "imelia, imewaka." Kazi ile kwenye MeOS ilinichukua nusu dakika. Niliwahi kutumia programu nyingine ambayo kwa jambo hilohilo ulipaswa kufunga usomaji, kwenda dirisha jingine, kisha kuanza upya, na foleni inakutazama.

Vivyo hivyo boksi likifa betri, au aliyelipeleka msituni akaliweka la namba nyingine. Kwenye MeOS unakiwekea kituo hicho hali ya kuharibika, na wote waliokikosa wanasamehewa kwa pamoja. Kama limewekwa 43 mahali pa 34, unaongeza 43 kama namba inayokubalika pale. Ndugu wawili wakibadilishana chipu, unahamisha chipu kutoka jina hili kwenda lile. Jaribu mambo haya matatu nyumbani na chipu mbili na maboksi manne juu ya meza ya kulia chakula kabla hujaenda nayo msituni. Mke wangu alikimbia njia nyingi sana kati ya jiko na sebule mwaka ule, na ndizo zilizoniokoa.

Saa za maboksi usizisahau. Usiku wa kuamkia mbio mimi naseti saa ya laptopu kwanza, kisha naoanisha maboksi yote kwa programu ya SPORTident Config+. Tulibadilisha betri ya boksi 41 mara moja bila kuliseti, na kila mtu akaonekana amefika pale kabla hajaanza kukimbia. Muda wa jumla ulibaki sahihi, kwa kuwa hutoka kwenye boksi la kuanzia na la kumalizia, ila muda wa vipande viwili vya njia, cha kufika kituo kile na cha kutoka, ulikuwa ovyo. Angalia zaidi Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba saa zinapobadilishwa. Maboksi hayajui habari hiyo, na ukiseti nusu kabla na nusu baada, umejiletea saa nzima ya tofauti.

Na draiva. Kisomaji cha SPORTident kinahitaji draiva ya CP210x. Tulibadilisha laptopu, nikaenda nayo porini pasipo mtandao, kisomaji hakikutambuliwa. Jioni ile niliandika saa za kumalizia kwa kalamu. Kilichotusaidia ni kwamba chipu haipotezi kitu mpaka ifutwe, kwa hiyo zile za kukodisha nilizikusanya kwenye mfuko, nikapiga marufuku mtu kuzipeleka kwenye boksi la kufuta, na nikazisoma kesho yake nyumbani. Sasa draiva na MeOS yenyewe ziko kwenye flashi niliyoifunga kwa kamba kwenye mpini wa begi la maboksi.

Chipu za kukodisha ziingize kwenye orodha ya kukodi ndani ya MeOS. Mtoto akisomwa, programu inakukumbusha kwamba hii ni ya klabu, na unaipokea palepale. Kabla hatujafanya hivyo tulikuwa tunazipoteza.

Kama fungu la klabu halifiki hata kwenye maboksi ya mitumba, msikae bure. MapRun ya Australia ni ya bure, inatumia GPS ya simu, na simu inalia yenyewe mkimbiaji akifika kituoni. Njia unaitoa kutoka Purple Pen kwa muundo wa KML. Kwenye bustani na mitaa inafanya kazi nzuri. Chini ya miti minene GPS inayumba, na mtoto amesimama juu ya kituo simu kimya, hapo utapata malalamiko. Pia si kila mtoto ana simu, na mimi sipendi kumnunulisha mzazi simu ili mwanawe akimbie. Kwa majira ya baridi mitaani, itumieni bila wasiwasi.

Printa ya risiti ni nzuri kuwa nayo, watoto wanapenda kuondoka na kikaratasi cha muda wa vipande vyao na kukilinganisha njiani ndani ya gari. Lakini inunue mwisho.

Dada, ukishaongea na majirani, piga picha ya upande wa chini wa boksi lolote watakalokuazima au kukuuzia, pale palipoandikwa aina, kama ni BSF7 au BSF8, uiweke hapa pamoja na namba za chipu. Nikiziona nitakuandikia hatua kwa hatua jinsi ya kuziseti, na Jumapili jioni huwa niko nyumbani, tunaweza kufungua MeOS pamoja kwa simu ya video na ujaribu lile la kituo 38 ukiwa mezani kwako.