Jibu: Bunduki ya kapi au ya kawaida kwa mvuvi wa kuzamia?

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuiacha bunduki yako ya kawaida ya kuvulia samaki, ile inayorusha mshale kwa mpira, yenye urefu wa sentimita 110, na kuchukua ya kapi (yaani ya magurudumu) ya sentimita 90. Tofauti kubwa iko kwenye mpira. Katika bunduki ya kawaida, mpira hufungwa kwenye mdomo wa mtutu, hivyo huusukuma mshale kwa nguvu mwanzoni na kulegea kabla haujafika mbele. Katika ile ya kapi, mpira huzunguka magurudumu mawili madogo yaliyo mdomoni na kufungwa chini ya mtutu ukiwa umeshavutwa, kwa hiyo huendelea kuusukuma mshale karibu hadi mwisho. Ndiyo maana bunduki fupi ya kapi inaweza kushindana na ndefu ya kawaida, na teke lake, yaani kule kurudi nyuma inapofyatuliwa, ni dogo, jambo ambalo kifundo cha mkono hulitambua mara moja.

Usumbufu upo. Kuipakia ya kapi, yaani kuuvuta mpira hadi iwe tayari kufyatuliwa, huchukua muda zaidi, hasa ukiuvuta mpira kwa awamu mbili, na chembe za mchanga zikiingia kwenye kapi utazisikia zikisaga. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila utokapo baharini.

Ikiwa unawinda zaidi mapangoni, ambako shabaha ni ya karibu na unahitaji kupakia upesi, mimi ningebaki na ya kawaida, tena fupi zaidi. Kwenye maji maangavu, huku ukipenya kati ya miamba, ningechagua ya kapi bila kusita. Yoyote utakayoichukua, ipakie ukiwa majini tu.